Babu aliyekuja na robota la nguo: njia sita za kumtafuta, na ipi uanze nayo

Familia nyingi za Unguja, Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na Kampala zina babu mmoja aliyetoka India ambaye habari zake zote ni maneno machache: alitoka Kachi, alikuwa mtu wa nguo. Wengine husema Jamnagar, wengine Goa, wengine "Bombay" tu. Ukitaka kujua zaidi ya hapo zipo njia sita zenye maana, na kila moja ina watu wake. Fundi cherehani Mgoa na muuza merikani Mbohora wangeweza kuishi mtaa mmoja, lakini karatasi zao hazimo katika jengo moja, wala si za lugha moja. Ulinganisho huu ni wa kukuokoa usimalize nauli na likizo mahali ambapo babu yako hakuandikwa kamwe.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Watu wengi huanza kwa kutafuta cheti cha kuzaliwa au orodha ya abiria wa meli, na wengi hukwama hapo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka bandari za Mandvi, Mundra na Porbandar hayakuacha orodha za abiria serikalini. Mfanyabiashara wa nguo alikuwa mtu wa deni, na deni ndilo lililoandikwa. Tangu mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said na Marekani mwaka 1833, pamba ya Massachusetts iliyoitwa merikani ilishushwa Unguja. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata shehena, kitambaa cha Uingereza na cha Bombay kikachukua nafasi. Ilikotoka nguo ilibadilika, mwendo wake haukubadilika: nyumba kubwa ya biashara ilimkopesha Mhindi wa mjini, naye akampa mwenye duka mali kauli (bidhaa za mkopo), naye mwenye duka akampa mchuuzi wa bara, na malipo yakangoja pembe, karafuu au sandarusi. Katika kila hatua palikuwa na hati, rehani, shahidi, na mara kwa mara kesi. Kwa hiyo mtafute babu kama mdaiwa kabla hujamtafuta kama mtoto wa fulani.

Kwanza, alikuwa mtu wa nguo wa namna gani?

"Mtu wa nguo" ni kazi nne tofauti, na jibu la swali hili ndilo linalochagua njia. Mwenye duka aliacha hati za deni. Fundi cherehani hakukopa sana, aliacha rejista za dini na cherehani yenyewe. Mtia rangi na mchapaji wa vitambaa aliacha jina la ukoo na kijiji cha ufundi. Mfumaji naye alipofika pwani mara nyingi aliacha kitanda cha mfumi akashika sindano, kwa hiyo kazi inayosimuliwa huku si lazima iwe kazi ya kwao. Wavanza wa Diu na Porbandar, kwa mfano, asili yao ni ufumaji, lakini Msumbiji na Afrika Mashariki wengi wao walijulikana kwa ushonaji.

Jina la ukoo husema mengi. Darji ni mshonaji. Khatri na Rangrej ni watia rangi. Chhipa na Bhavsar ni wachapaji na watia rangi. Vankar ni mfumaji, Salvi ni mfumaji wa hariri ya patola, Kapadia na Doshi ni wauza nguo, na Mansuri au Pinjara ni wachambua pamba. Lakini jina hilo ni la ukoo wa zamani, halithibitishi kazi ya babu mwenyewe. Darji aliyeuza mafuta ya taa Pangani ni jambo la kawaida kabisa.

Sikiliza pia neno ambalo wazee wanatumia. Katika Kiswahili cha pwani cha zamani, "Banyani" alikuwa Mhindu au Mjaini, na "Mhindi" alikuwa Mwislamu wa kutoka Bara Hindi. Bibi akikwambia "alikuwa Mhindi, si Banyani", amekwisha kukupunguzia nusu ya kazi. "Kachi" nalo mjini lilitumika kwa upana, na "Bombay" mara nyingi ni bandari ya kupandia meli, si kwao.

Kabla ya kwenda popote, jaza karatasi moja: jina lake, la baba yake na la babu yake, jamii au dhehebu, mji na kijiji, mtaa wa duka au baraza aliyoshonea, mwaka wa kwanza na wa mwisho ambao una uhakika alikuwa hai, jina la mkewe au wakeze, mahali alipozikwa au kuchomwa. Acha wazi usilolijua. Usijaze kwa kubahatisha, kwa sababu baada ya miezi sita utasahau kwamba ulibahatisha.

| Njia | Humfaa zaidi | Miaka inayozaa | Utakachohitaji | Gharama | Kinachokwamisha |
|---|---|---|---|---|---|
| 1. Hati na kesi, Nyaraka za Zanzibar | Mwenye duka, mkopeshaji | Katikati ya miaka ya 1800 hadi 1963 | Kiingereza, mara nyingine mwandiko wa Kiarabu au Kigujarati | Safari, malazi, ada za nyaraka | Tahajia za majina |
| 2. Magazeti ya Serikali | Mwenye duka na fundi mwenye mali kidogo | Kuanzia miaka ya 1890 | Kiingereza, intaneti | Karibu bure | Mashine kusoma herufi vibaya |
| 3. Rejista za jamaati (jumuiya za dhehebu) na kanisa | Wote, hasa fundi Mgoa | Hutofautiana mno | Barua ya utambulisho | Mchango, uvumilivu | Rejista ni za watu binafsi |
| 4. Vitabu vya Barot na vya mahujaji, India | Familia za Kihindu | Vizazi vingi kabla ya safari | Kigujarati, jina la kijiji | Safari ya India au wakala | Zaidi ni majina ya wanaume |
| 5. London, Massachusetts, Hamburg | Wafanyabiashara wakubwa | 1830 hadi 1960 | Kiingereza, Kijerumani | Kubwa | Wadogo hawatajwi |
| 6. Vitu vyenyewe: cherehani, kanga, daftari | Fundi na duka dogo | Hutegemea kitu | Macho na kamera | Bure | Kitu kina tarehe yake, si ya babu |

Nyaraka za Zanzibar au Gazeti la Serikali?

Hizi ndizo njia mbili tunazozipa uzito, na swali la kweli kwa watu wengi ni ianze ipi.

Nyaraka zilizopo Kilimani, Unguja, zina utajiri usiopatikana kwingine. Konseli wa Uingereza alifika Unguja mwaka 1841, na kadiri Wahindi walivyohesabiwa kuwa raia au walindwa wa Uingereza, mikataba na mashtaka yao yakaingia katika vitabu vyake. Huko mafaili yamepangwa kwa herufi: AA ni barua na mambo ya konseli, AM ni hati zilizoandikishwa, HC ni kesi za mahakama. Kwa mtu wa nguo anza na AM na HC, si AA. Barua za konseli hupendeza kusoma, lakini zinazungumza juu ya masultani na watoza ushuru wakubwa kama nyumba ya Jairam Shivji. Mwenye duka la Mchangani hayumo.

Hati moja ya deni hukupa jina la mdaiwa na la baba yake, jamii yake, kiasi, aina ya sarafu, rehani (nyumba, shamba, robota za nguo), muda wa kulipa, na mashahidi. Waandike mashahidi wote. Watu walishuhudiana na ndugu, wakwe na watu wa kijiji kimoja, kwa hiyo jina la shahidi linalorudi mara tatu katika hati za babu yako lina uwezekano mkubwa wa kuwa la ukoo wake. Mafaili ya mirathi ni bora zaidi: yanataja wake na watoto, na wakati mwingine mali ya duka kwa hesabu ya jora, korija na robota. Jora ni kipande kizima cha kitambaa kabla ya kukatwa, korija ni vitu ishirini, na robota ni mzigo uliofungwa wa kusafirishwa. Ukiona robota nyingi, huyo alikuwa wa jumla. Ukiona vipande na doti, alikuwa wa rejareja.

Nenda na siku tano za kazi, zisipungue. Siku ya kwanza huishia kwenye usajili na katalogi. Uliza kwa barua, kabla ya kukata tiketi, kuhusu kibali cha utafiti, ada na sheria ya kupiga picha, kwani masharti ya mwananchi na ya mgeni si sawa. Andaa orodha ya tahajia tano au sita za kila jina. Karani Mwingereza aliandika alichosikia: Tharia Topan, mtoza ushuru mashuhuri wa Unguja, anaonekana kama Tharia, Taria na Tarya. Ondoa viambishi vya heshima kama -bhai na -ji, kisha virudishe, utafute mara mbili. Faharisi nyingi zimepangwa kwa jina la kwanza, si la ukoo, na baadhi ya makarani waliweka "bin" hata kwa Mhindu.

Kosa moja linarudi sana: kupata jina na kukimbia nalo. Majina ya Kigujarati huenda jina la mtu, la baba, kisha la ukoo, na mjukuu huweza kupewa jina la babu yake. Ukikuta watu wawili wa jina moja miaka thelathini kando, mmoja anaweza kuwa mjukuu wa mwenzake. Usimkubali mpaka vitu vitatu vikutane: jina la baba, jamii na mtaa.

Na jiandae kwa jambo zito. Mwaka 1860 konseli Rigby aliwaacha huru maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi wa Unguja waliokuwa chini ya Uingereza, na orodha zao zina majina ya mabwana wao. Baadhi ya wasomaji wataona jina la babu kwa upande mmoja wa ukurasa na la bibi kwa upande wa pili. Nakili pande zote mbili. Familia ya yule aliyeachwa huru haina karatasi nyingine nyingi za kurejea.

Kesi ikikatika ghafla katika faili, huenda haikupotea. Rufaa kutoka mahakama ya konseli zilikwenda Bombay, na hukumu kadhaa zilichapwa katika ripoti za sheria za huko.

Gazeti la Serikali ni mwendo mwingine kabisa. Gazeti la Zanzibar lilianza 1892, na la himaya iliyokuja kuwa Kenya lilianza 1899. Matoleo mengi ya Kenya yametiwa kwenye intaneti na yanasomeka bure, ya Zanzibar ni machache zaidi. Humo utapata tangazo la mirathi (jina la marehemu, mahali na tarehe ya kufa, msimamizi), tangazo la kufilisika, kuvunjika kwa ubia, kuuzwa kwa duka pamoja na madeni yake, na kubadili jina. Tangazo la kuvunja ubia ni zuri kuliko linavyoonekana, maana wabia wa duka la nguo kwa kawaida walikuwa ndugu au mashemeji.

Ugumu wake ni mashine iliyosoma kurasa. Herufi "l" inageuka "i" au tarakimu 1, kwa hiyo "Lalji" inakuwa "Laiji" na hutaiona kamwe. Dawa ni kutotafuta jina kwanza. Tafuta mji pamoja na kazi, kwa Kiingereza kwa sababu gazeti ni la Kiingereza: "tailor", "draper", "piece goods", "hawker". Kisha pakua mwaka mzima, soma kwa macho kurasa za matangazo za miezi mitatu kabla na mitatu baada ya tarehe unayoihisi. Jioni tatu hivi kwa mwaka mmoja.

Hukumu yetu: aliyekufa au kufilisika baada ya 1900 upande wa Kenya, anza na Gazeti, ukishapata tarehe ndipo uende Jumba la Nyaraka la Nairobi, Moi Avenue, kuomba faili la mirathi lenyewe. Aliyekuwa Unguja au Pemba, au kabla ya 1890 popote pwani, anza Kilimani. Tanganyika ni ya kati. Enzi ya Wajerumani imo katika mafaili ya herufi G huko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwa Kijerumani cha mkono, na yanahitaji msomaji aliyefunzwa mwandiko huo.

Neno kuhusu reli. Familia nyingi husema babu "aliletwa kujenga reli". Kati ya 1896 na 1901 waliletwa wafanyakazi wa mkataba kama 32,000, lakini wengi walikuwa Wapunjabi walioandikishwa kupitia Karachi. Wauza nguo wa Kachi na Kathiawar (rasi ya Gujarat) kwa kawaida walijilipia nauli au walilipiwa na mjomba. Usianze na reli ila kama una ushahidi.

Rejista za dini: hapa fundi cherehani hushinda

Kama babu alikuwa fundi Mgoa, acha yote yaliyotangulia na uende kanisani. Goa ilikuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961, na parokia zake zina rejista za ubatizo, ndoa na vifo zinazorudi nyuma mno. Sehemu ya rejista hizo zimepigwa picha na zinapatikana kwenye tovuti za nasaba za bure. Upande wa huku, rejista za kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, Unguja, na za parokia za zamani za Mombasa na Nairobi ziulizie kwa barua. Tatizo la Wagoa ni kinyume cha la wengine: majina hayapotei, ila yanafanana mno. Akina Fernandes na D'Souza ni maelfu, hivyo bila jina la kijiji cha Goa huna kitu. Kijiji hicho hupatikana kwenye cheti cha ndoa cha huku, kwa kuwa padre aliandika parokia ya ubatizo.

Makhoja, Mabohora, Wamemoni na Makhatri wa Kiislamu wana jamaati zao, na rejista ni mali ya jamaati, si ya umma. Usibishe hodi na orodha ya maswali. Peleka barua yenye jina la babu, uhusiano wako naye, na kitu kimoja unachokitaka: tarehe ya kifo, kwa mfano. Mzee anayejulikana huko akikutambulisha, barua husomwa upesi. Kwa Makhoja angalia jamaati mbili: baada ya kesi maarufu ya Bombay ya 1866, na kwa miongo iliyofuata, baadhi walitoka Uismailia wakawa Ithnaasheri, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa katika vitabu viwili.

Waoshwali (Wajaini) wa Jamnagar wamerahisisha mambo kuliko wote. Jumuiya yao inajihesabu kwa vijiji 52, na huchapa orodha za familia kwa kijiji. Mwenye jina la kijiji huweza kumaliza kwa saa moja kazi ya mwaka wa mwingine.

Kaburi la Mwislamu au Mkristo unaweza kulitembelea. Wahindu walichomwa, kwa hiyo tarehe ya kifo itafute kwenye mirathi. Kama babu alioa mwanamke wa pwani, jamaati huenda haina habari ya ndoa hiyo. Hapo nenda kwenye kumbukumbu za kadhi na za wakfu, ambako nyumba aliyowaachia watoto wa upande huu inaweza kuwa imeandikwa.

Vitabu vya Barot, na safari ya India

Jamii nyingi za Kihindu za Gujarat zina Barot, msomaji wa nasaba wa ukoo, mwenye vitabu virefu vinavyoongezwa kila anapozunguka kwa wateja wake. Pia makuhani wa Haridwar wanaandika mahujaji kwa kijiji na kwa jamii, na sehemu ya vitabu hivyo vimepigwa filamu ndogo. Hakuna njia nyingine inayokwenda mbali hivyo: vizazi kumi si ajabu.

Lakini inafaa mwishoni. Barot atakuuliza jamii, ukoo na kijiji. Ukimjibu "Kachi", hana pa kufungua. Kadhalika kitabu chake hakitakwambia lolote juu ya duka la Unguja. Patana ada kabla hajafungua kitabu, omba akusomee polepole ukirekodi, kisha piga picha ukurasa. Ukisafiri, usiishie mjini Mandvi. Watu wa jahazi walipanda Mandvi wakiwa wametoka vijiji vya ndani.

London, Massachusetts na Hamburg

Kwa watu wengi hii ni fahari yenye gharama kubwa. Kama huna dalili kwamba babu alikuwa mfanyabiashara mkubwa au alikuwa na kesi iliyomfikia konseli, iruke.

Ukienda Kew (Nyaraka za Taifa za Uingereza, London), jua mpaka huu: Zanzibar ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje (FO) hadi 1913, ndipo ikahamia Wizara ya Makoloni (CO), Kenya ilihama 1905. Kwa hiyo mafaili ya Unguja kabla ya 1913 tafuta FO (kama 54, 84, 107), baadaye CO 618. Ya Kenya baada ya 1905 ni CO 533. Kadi ya msomaji ni bure na kupiga picha kwa kamera yako ni bure, ila kuagiza nakala ukiwa mbali ni ghali. Orodha za abiria wanaoingia Uingereza, BT 26, huishia 1960. Waliofika 1968 kutoka Kenya au 1972 kutoka Uganda hawamo, na kila mwaka watu hupoteza siku nzima kuwatafuta humo.

Maktaba ya Phillips, Massachusetts, ina barua za wafanyabiashara wa Salem, pamoja na za Richard Waters, konseli wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837. Hamburg imehifadhi karatasi za kampuni ya O'Swald. Zote zinawataja wanunuzi wakubwa tu.

Vitu vilivyo nyumbani

Hii ni ya bure, na kwa fundi cherehani ni ya lazima. Cherehani ya Singer ina namba iliyochongwa kwenye chuma, kulia karibu na kitako. Za karne ya 20 huanza na herufi: F, Y na EA, kwa mfano, ni za kiwanda cha Clydebank, Scotland. Orodha za namba zinapatikana bure na zitakupa mwaka wa kutengenezwa. Huo ni mwaka wa mapema kabisa ambao babu angeweza kuwa nayo. Cherehani za mtumba zilikuwa nyingi, hivyo usiseme "alianza kushona 1922" kwa sababu ya namba.

Kanga nayo husomwa. Maandishi ya herufi za Kiarabu kwa kawaida ni ya zamani kuliko ya Kilatini. Chapa ya kiwanda cha Urafiki haiwezi kutangulia miaka ya 1960 mwishoni. Alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, ni ya nyumba ya biashara ya Mombasa iliyoanza 1887, na kuikuta sandukuni kunaonyesha ilikonunuliwa. Wengi hudhani babu alikuwa mbia wa jina lililoandikwa kwenye nguo. Alikuwa mnunuzi tu, kama nusu ya pwani.

Daftari la duka, lile jekundu refu lililoshonwa kwa uzi, usilifungue kwa nguvu. Piga picha kwanza jalada na ukurasa wa mwanzo, wenye dua na tarehe, kwa sababu daftari jipya lilifunguliwa Diwali. Wafanyabiashara waliacha irabu kuandika haraka, kwa hiyo hata Mgujarati wa leo husoma kwa shida. Mabohora waliandika Kigujarati kwa herufi za Kiarabu, na Makhoja walikuwa na mwandiko wao wa Khojki. Tafuta mzee wa jamii hiyohiyo, si mfasiri wa kawaida.

Tarehe za Samvat (kalenda ya Kihindu) zigeuzwe hivi: kuanzia siku ya pili ya Diwali hadi mwisho wa Desemba toa 57, kuanzia Januari hadi Diwali toa 56. Samvat 1950 ya Kigujarati ilianza Novemba 1893. Lakini Wakachi hugeuza mwaka wao Ashadhi Bij, mwezi wa Juni au Julai, hivyo karatasi ya Kachi ya katikati ya mwaka inaweza kukupita mwaka mzima. Andika daima tarehe ya asili kando ya ile uliyogeuza. Sarafu nayo husaidia pasipo na tarehe: rupia ilitumika Unguja hadi shilingi ya Afrika Mashariki ilipoichukulia nafasi mwaka 1936, wakati Kenya rupia ilikuwa imekwisha kuondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Na vinasaba?

Kipimo ni kama dola 60 hadi 100, na kampuni hazitumi vifaa kila nchi. Kinafaa hali moja hasa: unashuku babu wa baba yako alikuwa Mhindi na hakuna karatasi ya ndoa. Babu huyo huchangia wastani wa asilimia 12.5 ya vinasaba vyako, baba yake asilimia 6.25. Ukipata sehemu kubwa ya Bara Hindi kwa kiwango hicho, shuku ina msingi. Ukipata asilimia moja au mbili, usiamue kitu, kwa sababu damu ya Asia imo pwani tangu karne nyingi kabla ya merikani. Kwa jamii zilizooana ndani kwa ndani, jedwali litakuonyesha "binamu wa pili" ambaye kwa kweli ni wa nne. Kipimo hakitakupa jina la kijiji wala la duka.

Chagua hivi

Una jina la baba yake na mtaa wa Unguja: Kilimani, hati za AM. Una mwaka wa kifo Mombasa, Nairobi au Kisumu: Gazeti, kisha faili la mirathi. Fundi Mgoa: cheti cha ndoa cha huku, kisha parokia ya Goa. Mhindu mwenye kijiji kinachojulikana: jumuiya yake, kisha Barot. Bibi aliyeshona kofia au kudarizi nyumbani: mirathi ya mumewe na kumbukumbu za kadhi, kwa sababu kazi yake haikulipiwa leseni.

Huna chochote ila jina moja na neno "nguo": usisafiri bado. Kaa na mzee mkongwe kuliko wote katika familia kwa jioni mbili, rekodi, na uliza mambo yanayoshikika. Duka lilitazamana na nini? Nani alimkopesha mali? Akichangia msikiti au hekalu gani? Nani alikuja kwenye msiba kutoka mbali, na alilala kwa nani? Mgeni wa msiba karibu kila mara ni ndugu, na nyumba aliyolala ndiyo ya kubisha hodi kesho yake.